Walianza Saba, Wakafa Tisa

Walianza watu saba, wakafa tisa. Nimewahesabu mara nyingi, kwa vidole na kwa karatasi, na kila mara nafika tisa. Hesabu hiyo ndiyo iliyonijia juzi kule Unyambwa, nilipoingia kwenye msiba wa Mama Elisante nikamwona Roza kwa mgongo, amesimama penye masufuria ya wanawake, anakoroga uji. Sikuhitaji ageuke. Nilimjua kwa jinsi alivyoshika mwiko kwa mkono wa kulia peke yake, wa kushoto ameuficha ndani ya khanga. Miguu yangu ilitaka kurudi getini. Lakini Mama Elisante ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wangu mwaka ule niliokaa Ihanja, nikiwa na miaka ishirini, na alinilisha kuliko alivyopaswa kunilisha, hivyo nikakaa kwenye kiti cha plastiki nilichopewa na kuwapa pole wanawe. Nilikuwa nimejiandaa kumlilia Mama Elisante. Kwa Roza sikuwa nimejiandaa hata kidogo.

Nilifika Ihanja mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza, na kipaza sauti changu ndani ya mfuko wa rambo. Tajiri mmoja wa Singida mjini, Mzee Seif, alikuwa amejenga banda la video kando ya barabara kuu: bati juu, kuta za magunia yaliyopigwa chokaa, mabenchi ya mbao zilizobaki kwenye ujenzi, na jenereta nje iliyokuwa ikikohoa tangu saa nane mchana mpaka magharibi. Mimi nilikuwa mtafsiri. Vijana wa leo wanaona filamu kwenye simu na hawajui kazi ile, kwa hiyo nieleze. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, au kwa Kichina, na ukumbini hakuna aliyeelewa neno. Mtafsiri alikaa pembeni ya televisheni, akapunguza sauti ya filamu mpaka ikawa mnong'ono, akashika kipaza sauti, akawasemea wote: shujaa, adui, mwanamke anayelia, hata mbwa. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne kilichoanguka. Kilitosha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Yaliyobaki nilibuni, na nilibuni vizuri, na nasema hivyo bila kujisifu kwa sababu sifa hiyo ndiyo iliyokuja kuniharibia maisha.

Chumba changu kwa Mama Elisante kilikuwa na kitanda cha kamba na dirisha dogo la kuingiza mkono. Ukuta uliotenganisha chumba hicho na jiko haukufika juu, uliishia usawa wa kichwa, na moshi wa jikoni uliingia kwangu pamoja na maneno. Jioni nilipewa ugali wa uwele na mlenda, au maziwa ya mgando siku ambazo ng'ombe wamekubali, na nikila nilisikiliza yaliyosemwa upande wa pili. Mama Elisante na jirani zake walizungumza Kinyaturu, na mimi, mtoto wa mjini mwenye damu ya pwani na ya bara, nilikuwa nakipata nusu. Nusu hiyo ilinitosha. Walizungumza juu ya watu wa zamani waliosemekana kufuga simba. Mtu na jirani yake wakigombana kwa shamba, mmoja anakwenda kwa mwenye simba wake, na asubuhi mwingine anakutwa njiani, utumbo uko nje. Wengine walisema hakuwa simba wa kweli, ni mtu aliyevishwa ngozi na kufungwa makucha ya chuma. Mama Elisante alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Na mwenye kufuga anakula na nyinyi, anacheka na nyinyi." Mimi nilikuwa nikimaliza mlenda wangu na kuwaza kwamba hadithi ile ingefaa sana kwenye filamu.

Filamu yenyewe ililetwa baada ya mavuno ya alizeti. Kanda haikuwa na jalada, mtu alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu neno moja tu, DUDE. Dunia imekwisha. Mbingu iliwaka moto, miji ikageuka majivu, na kutoka kwenye shimo la ardhi likatoka dude kubwa kama ghala la mazao, lenye mdomo unaofunguka pande nne. Watu saba wamebaki, wanakimbia kutoka mahali hadi mahali, na dude linawapata mmoja mmoja. Kifo cha kwanza tu, dude linamshika kijana kiunoni na kumkata vipande viwili, miguu inabaki imesimama. Ukumbi ulipiga kelele mpaka kuku wa nje wakaruka. Nilijua siku ile ile kwamba tumepata mali. Dude lilirarua, lilitafuna, lilimwaga watu ukutani, na mimi nilifuata nyuma kwa mdomo, nikipiga milio ya mifupa ambayo hata filamu yenyewe haikuwa nayo.

Lakini ilikuwa filamu iliyoshonwa vibaya, na fundi alikuwepo. Roza alikuwa na cherehani yake kwenye kibaraza mkabala na banda letu, msichana wa rika langu, mwembamba, na tepu ya kupimia shingoni saa zote. Jioni kazi ikipungua aliingia akakaa benchi la mbele, na hakukaa kimya.

"Mtafsiri!" aliita siku ya kwanza, dude likiwa katikati ya kula. "Dunia imekwisha miaka kumi, umesema mwenyewe. Huyo kaka ndevu amenyolewa na nani?"

Ukumbi ukacheka. Mimi kwa kipaza sauti nikajibu, "Ana kipande cha kioo, dada. Ananyolea kioo."

"Na lori? Mafuta ya lori wananunua wapi?"

"Linatembelea mafuta ya alizeti."

Walishangilia kana kwamba nimefunga goli. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya, yeye na mimi, karibu kila siku, na watu walianza kuja kwa ajili yetu kama walivyokuja kwa ajili ya dude. Roza aliona kila palipofumuka. Dude ni kubwa kama ghala, mbona limepita mlango wa handaki ambao watu wenyewe wanaingia wameinama? Nikasema lina mifupa laini kama panya. Daraja lilivunjika mwanzoni, mbona mwishoni wamelivuka? Nikasema hilo ni daraja la pili, la upande wa pili wa mlima. Walikuwa saba, mbona mimi nimehesabu maiti tisa? Nikasema wawili walikufa mara mbili, na watu wakaanguka kwenye mabenchi kwa kucheka. Nakiri kwamba nilimpenda. Sikuwahi kumwambia. Niliziba matundu yake kama njia ya kuzungumza naye, na nadhani naye aliyatafuta kwa nia hiyo hiyo, ingawa sina haki tena ya kudhani lolote juu yake.

Kisha siku moja akauliza lile swali. Alikuwa amekaa kidevu mkononi. "Mtafsiri, hebu tuache utani. Jana wamelala pangoni. Leo wamelala juu ya mti. Kesho wako chini ya ardhi. Dude linakwenda moja kwa moja walipo, halinusi, halitafuti. Linajuaje?"

Kwenye televisheni, wakati huo huo, binti mmoja wa wale saba alikuwa akimuuliza jambo yule mzee wao. Alikuwa mzee mwenye ndevu, anayekaa kando na wenzake, haongei sana, na ndiyo maana mimi nilikuwa sijampa maneno mengi. Mzee alitikisa kichwa na kujibu neno fupi. Sikulisikia, sauti nilikuwa nimeipunguza. Na mimi nikalijaza pengo lile kwa hadithi ya jikoni kwa Mama Elisante. Nilishusha sauti, nikasogeza kipaza sauti karibu na midomo, nikasema: "Binti anauliza, linatujuaje? Mzee anamwambia, kuna mtu kati yetu analifuga. Anakula na sisi, anacheka na sisi. Usiku analiambia tulipo."

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, hakuna aliyecheka. Nilisikia jenereta. Nilisikia mtu nyuma akivuta pumzi. Hata Roza alinigeukia na hakuuliza kitu, na mimi mjinga niliona nimeshinda.

Tangu siku hiyo filamu ilikuwa nyingine. Watu hawakuja tena kuona dude, walikuja kumtafuta mfugaji. Walibishana ni nani kati ya wale saba, na kwa kuwa nilitakiwa kumtaja, nilimtaja yule mzee wa pembeni. Alifaa. Hakuwa na mke, alilala peke yake, alijua njia za msituni, na dude lilikuwa halijamgusa. Mwisho wa filamu mzee huyo anasimama kwenye mlango wa handaki, wenzake wako nyuma yake, na dude linamchana vipande pale pale mlangoni. Nilitafsiri kwamba dude limemgeuka bwana wake. Kila alasiri mzee akichanwa, watu walisimama juu ya mabenchi wakipiga makofi na kupaza sauti, "Mmalize! Mmalize!" Siku moja wanaume wawili walipigana kwa sababu mmoja alisema mfugaji ni binti, mwenzake akampasua kichwa kwa ubao wa benchi. Damu ililowesha gunia la ukutani na hatukuweza kuitoa. Kesho yake tulijaza mpaka watu wakakaa sakafuni.

Mzee Njiku aliiona filamu ile mara moja tu. Alikuwa mjomba wake Roza, kaka wa mama yake, mlina asali aliyehamia kutoka pande za Itigi na kujenga kibanda chake mbali kidogo na kijiji, kwenye mawe makubwa. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto na ya nyuki, na alikuwa kiziwi, ukimsalimia ilibidi usimame mbele yake akuone midomo. Alileta asali siku hiyo, Roza akamvuta ndani akae. Alitazama filamu yote kwa makini, mikono kwenye magoti. Ilipokwisha, watu wakiwa bado wanashangilia, alinijia.

"Shikamoo mzee," nilimwambia, nikikunjua mdomo vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Sasa huyu mzee mwenzangu wanamshangilia au wanamzomea?"

"Wanamzomea. Ndiye anayefuga dude."

Alinitazama kama mtu anayedhani amesoma midomo vibaya. "Mbona mimi nimeona anawakinga wale watoto? Amesimama mlangoni wenzake wapate kutoka kwa nyuma." Akatikisa kichwa akacheka. "Lakini mimi sisikii. Nyinyi mnaosikia ndio mnajua."

Mvua zilichelewa mwaka ule. Kiangazi kilikaza, majani yakaisha, na fisi wakaanza kusogea kwenye mazizi. Walikula ndama kwa mmoja, kondoo kwa mwingine. Mzee Njiku naye walimlia mbuzi wake wa pekee, jike la maziwa, mchana kweupe, na alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kueleza kwamba aliyemla ni fisi mmoja mzee, amemwona, mguu mmoja anauburuta, na fisi wa namna hiyo hawezi tena kuwinda, atakuja kwa watu. Hakuna aliyefanya kitu. Baadaye maneno yake hayo yalikumbukwa vizuri sana.

Alfajiri moja likapigwa yowe. Pale Ihanja yowe likipigwa kila mwanamume anatoka na silaha aliyo nayo, na asiyetoka ataeleza alikuwa wapi. Nilitoka na fimbo. Binti wa Petro, mtoto wa miaka sita, alikuwa ametoka nyuma ya nyumba kujisaidia. Sitaeleza vyote nilivyoviona. Nitasema tu kwamba tuliokota kwanza kiatu cha plastiki, halafu kipande cha gauni, halafu Petro akatukataza kuendelea kuokota, akavua shati lake, akaendelea mwenyewe. Nilitapika kwenye mashina ya alizeti. Miezi yote ile nilikuwa nikipiga mlio wa mifupa kwa mdomo, na sikuwa nimewahi kuona mfupa wa mtu.

Tulifuata nyayo za fisi mpaka kwenye mawe makubwa, zikaishia hapo. Jiwe halishiki nyayo, kila mchungaji anajua hivyo. Lakini ilipofika saa nne wanaume walikuwa wamejaa ndani ya banda la video, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli na mabenchi, na hakuna aliyesema habari ya jiwe. Daudi, mdogo wake Petro, alisimama mahali ambapo televisheni hukaa. Shati lake lilikuwa na damu ya mtoto.

"Amejuaje?" alisema. "Amejuaje mtoto anatoka saa ile, mlango ule? Nyumba ngapi zimepitwa? Na nyayo zinaishia kwa nani?" Akanionyesha kwa panga. "Mtafsiri ameshatuambia humu ndani, kila siku tunaambiwa. Kuna mtu anafuga."

Nilisikia maneno yangu yanarudi. Ningeweza kusema hapo hapo. Watu walikuwa bado wamekaa, wengine wanalia, na mimi nilikuwa mtu wa kusikilizwa mle ndani. Nilitazama waya wa kipaza sauti sakafuni. Walipotoka, nami nikatoka nao.

Mzee Njiku alikuwa uani kwake anakoka moto wa moshi wa kulinia asali. Hakutusikia tukija. Aligeuka alipoona vivuli, akatabasamu, akaanza kunyoosha mkono wa salamu, na jiwe la kwanza likampata mdomoni. Akakaa chini. Roza alifika akikimbia kutoka barabarani, tepu bado shingoni, akapita katikati ya wanaume akasimama mbele ya mjomba wake, na akafanya lile alilolizoea. Aliuliza.

"Kafanya nini?"

"Yowe limepigwa hakutoka," Daudi alisema.

"Ni kiziwi! Nani hapa hajui kwamba ni kiziwi? Atalisikiaje yowe?"

"Alijua fisi atakula watu. Alimwambia mwenyekiti. Alijuaje?"

"Aliwaonya! Mtu anafuga fisi halafu anawaonya?" Sauti yake ilikuwa imepanda, lakini haikutetemeka. "Na mbuzi je? Nijibuni la mbuzi. Mbuzi wake mwenyewe ameliwa na fisi huyo huyo, hana mwingine, maziwa yote aliyokuwa akinywa yalitoka kwa mbuzi yule. Kama anamfuga, mbona fisi amemla mbuzi wake?"

Na wakanyamaza. Naapa kwamba walinyamaza. Niliona panga la Daudi linashuka mpaka gotini. Petro, baba wa mtoto, ambaye hakuwa amesema neno tangu alfajiri, alifunika uso kwa mikono akaanza kulia kama mtu anayeamka. Mzee mmoja alisema, "Ni kweli, la mbuzi ni kweli." Tulikuwa tumefika mahali pa kurudi nyumbani. Halafu kijana mmoja wa mabenchi ya nyuma akasema, kwa mazoea tu, sidhani hata alikuwa na ubaya, "Mtafsiri, hebu mjibu."

Wakanigeukia wote. Roza naye akanigeukia. Uso wake ulikuwa na matumaini, hilo ndilo siwezi kulivumilia mpaka leo, alifurahi kuniona. Alidhani nimekuja upande wake. Na mimi swali lilikuwa limeshaniingia kichwani kama yale mengine yote, na mdomo wangu ukafanya kazi yake. Nilisema, "Labda amemtoa makusudi, asije akashukiwa."

Sikulisema kwa chuki. Nililisema haraka, vizuri, kwa sauti ile ile ya kazini. Ndilo jibu bora nililowahi kutoa.

Panga la Daudi lilipanda. Roza aliinua mkono wa kushoto kulizuia na vidole vitatu vikaenda. Wakamvuta pembeni kwa nywele, wakamgeukia mjomba wake, wakaanza. Walitumia mawe, mapanga, mipini ya majembe, na mmoja alitumia mzinga wa mzee mwenyewe, akaupasulia kichwani kwake mpaka asali ikachanganyika na vitu vingine. Mzee Njiku hakupiga kelele. Aliendelea kutazama midomo ya watu, mmoja baada ya mwingine, akijaribu kuelewa wanamwambia nini, mpaka jicho la kwanza likatoka na la pili likajaa damu. Wengine walikuwa wakipaza sauti, "Mmalize! Mmalize!" kwa mapigo yale yale ya ukumbini. Mimi nilisimama na fimbo yangu. Sikumpiga. Nimejiambia neno hilo moja miaka mingi, na halijawahi kunisaidia. Ilichukua muda mrefu kuliko kwenye filamu.

Polisi walikuja, wanaume wakakimbilia porini, wengine wakakamatwa. Hakuna aliyenitaja, maana kwenye mikono yangu hapakuwa na damu, na kusema neno si kosa ambalo mtu huandikiwa. Roza alikuwa hospitali. Siku chache baadaye fisi alichukua ndama mwingine, mchana, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi nyuma ya yale mawe. Nilikwenda kumwona. Alikuwa mzee, meno yameisha, mguu mmoja wa nyuma umekauka. Watu walimzunguka. Nilimtazama kila mmoja usoni na niliona kwamba wote tunafikiria la mbuzi. Mama Elisante alinipa ugali jioni ile kama kawaida, akakaa mlangoni akinitazama ninavyoshindwa kula. "Yusufu," aliniambia, "nilikuwa nasema na wenzangu jikoni. Sikuwa nasema na wewe." Kesho yake nikapanda gari la Singida, na kipaza sauti nilikiacha chini ya kitanda.

Nilisoma baadaye. Nilirudia mitihani, nikajifunza Kiingereza kwa hasira, nikaja kukifundisha, na nimekifundisha mpaka nimestaafu. Siku moja nikiwa Dodoma kwa semina, niliiona filamu ile kwenye televisheni ya nyumba ya wageni, sauti ikiwa wazi. Nilikaa kitandani nimevaa viatu. Walikuwa saba, na wakafa tisa, hilo halikubadilika. Ikafika sehemu ya binti na mzee. Binti akamuuliza, "Linatujuaje?" Mzee akatikisa kichwa akasema, "Sijui." Basi. Waliotengeneza filamu hawakuwa na jibu na hawakujali kulitafuta. Na mwishoni, mlangoni mwa handaki, yule mzee anawageukia watoto kabla ya kuchanwa na kuwaambia wakimbie. Mzee Njiku alikuwa amesema kweli. Yeye peke yake katika Ihanja nzima ndiye aliyeielewa filamu ile, kwa sababu yeye peke yake hakunisikia.

Juzi, Unyambwa, baada ya maziko, watu wakiwa wamepungua, Roza aliniletea uji. Aliuleta kwa mikono yote miwili. Nikaona vidole viwili vilivyobaki vimekumbatia kikombe, na pale vilipokatika ngozi imekaza, inang'aa. Alivuta kiti akakaa. Nywele zake ni nyeupe. Aliniambia bado anashona, alijifunza kusukuma kitambaa kwa kiganja, na kwamba Mama Elisante alikuwa akimwuliza habari zangu kila mwaka kana kwamba yeye angezijua. Nikamwambia pole. Sikusema pole ya nini, na hakuniuliza.

"Nina swali," alisema. "Umeshaliziba, lakini vibaya. Limefumuka."

"Uliza."

"Kama mjomba wangu alikuwa anafuga fisi, mbona fisi alimla mbuzi wake?"

Nikafungua mdomo. Na yakaja. Katika umri huu, mbele ya mkono ule, majibu matatu yalinijia kwa mpigo, mazuri yote, kila moja lingetosha kunyamazisha ukumbi. Niliogopa mdomo wangu mwenyewe kama mtu anavyoogopa mbwa aliyemfuga. Nikaufunga. Nikasubiri mpaka majibu yale yakaisha, mtu akapita akakusanya viti viwili, na Roza akawa bado ananitazama midomo, vile vile alivyokuwa akitutazama mjomba wake.

"Hakuwa anafuga fisi," nilisema.

Akachukua kikombe changu, nilikuwa sijakigusa.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani litakuwa jibu refu."